Daftari

Mtu wa Sumbawanga akitaka kujua babu na bibi yake walifunga ndoa lini, huenda parokiani kuomba “kitabu cha ndoa”. Neno lenye haki zaidi hapo ni daftari, ingawa siku hizi tumewaachia wanafunzi na wenye maduka. Limetufikia kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ya mbali ni neno la Kigiriki lililomaanisha ngozi iliyotengenezwa. Uingereza, ambako parokia ziliamriwa mwaka 1538 kuandika ubatizo, ndoa na maziko, amri ya 1598 ilitaka kumbukumbu hizo zinakiliwe kwenye ngozi hasa, maana karatasi haikudumu.

Ufipa, yaani eneo la Sumbawanga, desturi ya kuandika ubatizo na ndoa ililetwa na wamisionari Wakatoliki wa Mapadri Weupe, walioingia Karema mwaka 1885, kisha wakapanda nyanda za juu hadi Kate na Chala. Sheria ya Kanisa Katoliki hudai ndoa iandikwe mara mbili: katika daftari la ndoa, na tena kwenye kumbukumbu ya ubatizo ya kila mwanandoa, hata kama alibatizwa parokia nyingine. Ndiyo maana mchumba huombwa cheti kipya cha ubatizo; aliyekwisha kuoa Kirando hawezi kujiita kapera Sumbawanga mjini.

Kwa koo nyingi za Wafipa, hayo ndiyo maandishi ya kwanza yenye majina ya wazee wao. Yapigwe picha sasa, na kabati la madaftari hayo lisiguswe na mchwa.