Mangi Sina si embe

Wiki hii kompyuta imenitoa jasho, ngoja niwasimulie.

Nilikuwa naandika esei ya historia ya kwetu Kibosho: jinsi Mangi Sina alivyopigana na jeshi la Hermann von Wissmann, Mjerumani, akashindwa mwaka 1891. Usiku umeshakwenda, umeme unakatika-katika, nikaprinti bila kusoma tena. Mhadhiri kairudisha na duara jekundu: "Mango Sina". Yaani mangi mzima kageuzwa embe la Kiingereza! Rumeti kacheka mpaka kapaliwa.

Nikajiuliza, huyu msahihishaji ni nani? Kumbe ni orodha tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dean Hachamovitch wa Microsoft alibuni kifaa cha kurekebisha makosa ya vidole, mfano "teh" iwe "the". Wengine wakaiga, mpaka kwenye programu yangu. Tatizo, kila orodha ina mwenyewe, na sisi hatumo.

Wala si mara ya kwanza. Wajerumani walituandika Moschi, Dschagga, Kilimandscharo, kwa herufi za kwao. Wakaja Waingereza. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kusimamia tahajia na kupitia vitabu vya shule. Tusiwe wachoyo wa shukrani: leo mtu wa Kibosho na wa Lamu wanasoma kitabu kimoja bila shida. Ila watu wa Mombasa, wenye tungo zao za Kimvita tangu enzi, walijikuta si sanifu ndani ya nyumba yao.

Mwaka 2004 ndio ikatokea habari ya kutia moyo: mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Safari hii maneno waliyapanga wenye lugha.

Basi mimi nimezima. Ingia kwenye chaguo, tafuta usahihishaji wa moja kwa moja, toa tiki, kwisha kazi. Mstari mwekundu nimeuacha, maana ule unauliza tu, hauamui. Kuamua ni kazi yangu, na kusoma tena kabla ya kuprinti pia ni kazi yangu, hapo sina wa kumlaumu.

Esei narudisha Jumatatu, mangi akiwa mangi. Tuonane kantini!