Picha Zilipita, Watoto Wakazuiwa

Shuleni kwetu kuchora kulikuwa na kipindi kimoja tu kwa wiki, Ijumaa mchana, na mara nyingi mwalimu wa hesabu alikuja akakichukua. Hakuna mwanafunzi aliyelalamika. Sote tuliamini kwamba kuchora ni kitu cha kupotezea muda huku ukisubiri kengele. Mtu akijua kuchora vizuri anaambiwa, "Haya, tuchoree ramani ubaoni," basi, kipaji chake kimekwisha kazi.

Ndiyo maana ninataka kukusimulia, ndugu msomaji, habari ya shule moja ya mbali sana na huku. Katika shule hiyo watoto walichora kwa muda wa miaka minne hivi, na hadi leo, zaidi ya miaka 70 baadaye, watu bado wanazitafuta karatasi zao. Shule yenyewe iliitwa Carrolup. Ilikuwa Australia ya Magharibi, karibu na mji mdogo wa Katanning, safari ya kilomita zinazokaribia 300 kutoka Perth, mji mkuu wa jimbo hilo.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali penyewe, maana ukisikia "shule" unaweza kudhani wazazi waliwaleta watoto wao kwa hiari, na begi na sanduku. La hasha. Carrolup ilikuwa kambi ya serikali ya kuwaweka Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa nchi ile. Kambi ilifunguliwa mwaka 1915, ikafungwa mwaka 1922, ikafunguliwa tena mwaka 1940. Wengi wa watoto walikuwa wa kabila la Noongar, watu wa pembe ile ya kusini magharibi. Sheria ya mwaka 1905 ilimfanya mkuu wa idara ya wenyeji awe mlezi kisheria wa kila mtoto wa Kiaborijini hadi atimize miaka 16. Mama mzazi yupo, baba yupo, lakini mlezi kwa mujibu wa sheria ni ofisa aliyekaa ofisini Perth. Ofisa akiamua mtoto achukuliwe, mtoto anachukuliwa. Leo Waaustralia wenyewe wanakiita kizazi hicho kizazi kilichoibwa, na mwaka 2008 waziri mkuu wao Kevin Rudd alisimama bungeni akaomba radhi.

Mwaka 1946 akaja mwalimu mpya, Noel White, pamoja na mkewe Lily. Alikuta watoto waliokaa kimya, wenye hofu na wasio na imani na mtu mzima yeyote mweupe. Kwani ungewalaumu? White hakuwa bingwa wa sanaa. Alikuwa mwalimu wa kawaida wa shule ya msingi, wa kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini aliona jambo moja: mtoto asiyefungua kinywa alikuwa tayari kufungua mkono. Ukimpa chaki na karatasi, anachora.

Akaanza na mazoezi madogo. Watoto walichora mistari ya kuzunguka-zunguka, halafu wakaijaza rangi mpaka mistari ikawa pambo. Baadaye akafanya kitu ambacho kwa maoni yangu ndicho kilicholeta mabadiliko yote. Aliwatoa darasani. Aliwachukua kwenda kutembea porini, katika nchi iliyokuwa ya babu zao, wakatazama miti, vivuli, nyayo za wanyama na jua linavyozama. Hawakwenda na makaratasi wala chaki. Kazi yao porini ilikuwa kutazama tu. Wakirudi darasani ndipo wanakaa kimya na kuchora kile kilichobaki kichwani.

Hebu jaribu mwenyewe siku moja. Tembea kutoka kwenu hadi kituo cha basi, halafu rudi uchore kwa kukumbuka. Utagundua kwamba njia uliyoipita mara elfu hujapata kuiona. Watoto wale waliona. Miti yao imesimama myeusi mbele ya anga lenye rangi ya chungwa na zambarau, na kila tawi limefuatwa hadi ncha yake. Kangaruu wametulia kwenye uwazi kati ya miti. Wengine walichora wazee wakicheza ngoma usiku kuuzunguka moto. Zilitumika chaki za rangi na penseli, juu ya karatasi za kawaida za shule, nyingi zikiwa ndogo. Wachoraji walikuwa wavulana na wasichana wa umri wa darasa la nne hadi la saba, ingawa majina yanayotajwa sana ni ya wavulana: Revel Cooper, Reynold Hart, Parnell Dempster, Barry Loo.

Sasa tufike kwenye kiini cha habari yangu. Mwaka 1947 picha za Carrolup zilipelekwa Perth, zikatundikwa katika maonyesho ndani ya duka kubwa la Boans, katikati ya mji. Watu wa mjini walikuja, wakasimama, wakashangaa. Wengine hawakuamini kwamba ni kazi ya watoto, tena watoto waliosemwa hawafundishiki.

Lakini tangu mwaka 1927 katikati ya mji wa Perth palikuwa eneo la marufuku kwa Waaborijini. Mwaborijini hakuruhusiwa kuingia humo bila kibali, isipokuwa awe na ajira inayotambuliwa. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1954. Piga hesabu mwenyewe. Mwaka ule wa 1947 karatasi iliyochorwa na mtoto ilikaribishwa ndani ya duka, ikapewa ukuta na taa, wakati mama wa mtoto huyo angepita barabarani nje ya duka hilo hilo bila kibali angekamatwa na polisi.

Sisi watu wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hilo. Babu zetu wa Kenya walivishwa kipande shingoni, na bila kipande hutembei. Ila mimi hapa kuna kitu kinachonikera zaidi ya kibali chenyewe. Wale waliozisifu picha na wale waliowazuia wachoraji hawakuwa makundi mawili yanayogombana. Mara nyingi walikuwa watu wale wale. Mtu aliweza kuipenda picha asubuhi na kuiunga mkono sheria jioni, na asione kasoro yoyote.

Mwaka 1949 alifika bibi mmoja Mwingereza, Florence Rutter, mwenye umri wa miaka 71. Alikuwa akizunguka dunia kuanzisha vilabu vya wanawake wa Soroptimist. Aliziona picha, akaenda Carrolup, akawapenda watoto. Alinunua picha nyingi, akaahidi kuwasaidia, na kweli hakukaa. Alizionyesha katika miji mingine ya Australia na New Zealand, kisha akazipeleka Ulaya, hadi Uholanzi na London. Mwaka 1952 kikatoka kitabu kuhusu watoto hao, alichokiandika Mary Durack Miller, mwandishi wa Australia ya Magharibi, kwa ushirikiano na huyo bibi Rutter.

Kitabu kilipotoka, shule ilikuwa haipo. Naam, umesikia sawasawa. Wakati Ulaya inapiga makofi, serikali ilikuwa imeshaamua mambo mengine. Wasichana walihamishwa, na kufikia mwisho wa mwaka 1950 shule ilikuwa imefungwa. Carrolup ikageuzwa kuwa mahali pa kuwafundisha vijana wa kiume kazi za shamba. Mwalimu White na mkewe wakaondoka. Jamani, sikusema serikali iliona picha mbaya. Iliziona nzuri. Lakini haikuhitaji wachoraji. Ilihitaji vibarua.

Wavulana wakawa vibarua kweli. Waliokuwa wamesafiri kwa majina hadi London wakarudi kukata miti na kuchunga kondoo wa watu. Revel Cooper, ambaye wengi humhesabu kuwa hodari kuliko wote, aliendelea kuchora maisha yake yote, na sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya gerezani. Alikufa mwaka 1983. Sitaki kumfanya malaika, kwa sababu alifungwa kwa makosa aliyohukumiwa nayo mahakamani, moja likiwa la kuua bila kukusudia. Lakini pia sitaki mtu aniambie kwamba "alishindwa kutumia nafasi yake". Nafasi ipi? Alipewa sifa tele. Nafasi hakupewa.

Na picha je? Bibi Rutter alizeeka, na mwaka 1956 mkusanyo wake ukauzwa kwa Mmarekani mmoja tajiri, Herbert Mayer wa New York. Mwaka 1966 huyo naye akaukabidhi kwa Chuo Kikuu cha Colgate, katika mji mdogo wa Hamilton, jimbo la New York. Huko zikawekwa stoo. Huku wazazi wa Kinoongar wanazeeka na kufa, huku wachoraji wenyewe wanazikwa mmoja mmoja, picha zao zililala ndani ya maboksi upande wa pili wa dunia, na nyumbani watu wakidhani zimepotea kabisa.

Mwaka 2004 profesa mmoja kutoka Australia, Howard Morphy, alitembelea chuo hicho. Akaonyeshwa maboksi, akatambua anachokiona. Mwaka 2006 baadhi ya picha zilipelekwa Katanning kwa maonyesho, si mbali na pale zilipochorwa. Mwaka 2013 Colgate ikaurudisha mkusanyo wote, zaidi ya picha 100, ukakabidhiwa Chuo Kikuu cha Curtin cha huko Perth, katika ardhi ya Wanoongar.

Picha hizo sasa zinatazamwa na wajukuu. Mjukuu anasimama mbele ya karatasi ya babu yake, anaona mti ambao babu aliuona akiwa na miaka kumi na mbili, na kwa mara ya kwanza anapata kitu cha utotoni mwa babu ambacho hakikuandikwa na ofisa. Maana faili za serikali zipo, zimejaa. Zinasema mtoto fulani amechukuliwa tarehe fulani, ana tabia fulani. Hazisemi mtoto alitazama nini jua lilipozama. Hata leo wapo wachoraji wa Kinoongar wanaochora miti myeusi na anga jekundu kwa namna ile ile, na watu wa huko wakiona wanasema hiyo ni Carrolup.

Nimeiandika habari hii katika ukurasa wetu huu kwa sababu wengi wetu tunaosoma hapa tunaandika pia, na tunaota kusifiwa. Mimi ninaota. Nina daftari tatu chini ya godoro, na kila nikilala ninasikia makofi. Lakini watoto wa Carrolup wamenifundisha kwamba makofi hayafungui mlango uliofungwa kwa sheria. Anayeisifu kazi yako muulize pia ana maoni gani kuhusu wewe mwenyewe kupita mlangoni.

Jambo la pili walilonifundisha ni dogo, na linatuhusu zaidi. Mwalimu White hakuwa na fedha, wala jengo la maana, wala shahada ya sanaa. Alikuwa na chaki, karatasi, na saizi ya matembezi ambayo watoto waliweza kuyafanya kwa miguu. Aliwaambia watazame kwanza. Vitu hivyo vyote tunavyo hata kwetu, hata Ijumaa mchana. Kwa hiyo mwalimu wa hesabu atusamehe, lakini kipindi chetu atuachie.