Kutoka Bwawa la Samaki

Ukimwambia mzee wa Igoma kwamba maji yanaweza kumrudishia mtu mwili wake, mawazo yake yataanzia makaburini. Hapa ndipo walipozikwa mamia ya watu waliokufa katika MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa njiani kuja Mwanza. Jina la mji wenyewe husemwa limetokana na nyanza, yaani ziwa. Kwetu ziwa ni samaki, ni safari na ni msiba. Sikuwahi kusikia mtu akiliita dawa.

Habari ya maji kuwa dawa niliipata kwa mtaalamu wa mazoezi tiba aliyekuwa akimhudumia kaka yangu. Kaka aliendesha bodaboda. Lori lilimgonga barabara ya Musoma, akalala siku kumi na tisa bila kujitambua. Kwenye faili lake kulikuwa na namba 6 iliyozungushiwa duara. Baadaye nilijua ilikotoka: mwaka 1974 madaktari wawili wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitunga kipimo kinachoangalia mambo matatu tu, yaani macho, maneno na mwendo wa viungo, kisha kinatoa alama kuanzia 3 hadi 15. Anayepata 8 kushuka chini huhesabiwa kuwa na jeraha kali la ubongo.

Alipozinduka tulitegemea kumkuta amelegea. Ikawa kinyume chake. Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja kifuani, ngumi imefumba mpaka kucha zinachimba kiganja, na mguu umekakamaa kama mwichi. Ubongo ulioumia hushindwa kuituliza misuli, nayo hukaza hata pale mwenyewe anapotaka kupumzika. Mtaalamu alimnyoosha vidole kimoja kimoja, akasema, "Huyu ningekuwa naye kwenye bwawa la maji ya uvuguvugu, kazi ingekuwa nyepesi." Bwawa hilo hatukuwa nalo. Nikaanza kutafuta historia yake, nikidhani nitakutana na mitambo ya mabilioni.

Nilikutana na bwawa la samaki. Mwaka 1924 huko Los Angeles, daktari wa mifupa Charles Lowman aligeuza bwawa la samaki la hospitali yake kuwa mahali pa kufanyishia mazoezi watoto waliopooza. Wazo alilitoa Chicago, katika shule ya watoto wenye ulemavu, ambako aliwaona wakifanya mazoezi ndani ya tangi la mbao. Mwaka huohuo Franklin Roosevelt, aliyepoozwa na polio mwaka 1921, alifika kwa mara ya kwanza kwenye chemchemi za Warm Springs, Georgia. Mle majini aliweza kusimama. Miaka miwili baadaye akainunua sehemu ile. Wanaomsimulia kama muujiza huwa wanaruka jambo moja: hakupona. Nchi kavu aliendelea kutegemea vyuma miguuni, fimbo na kiti cha magurudumu mpaka anakufa akiwa rais.

Mtu ninayempenda zaidi katika historia hii ni James McMillan. Hakuwa daktari, alikuwa mhandisi aliyeyajua maji. Mwaka 1949, katika shule ya Halliwick ya wasichana wenye ulemavu, London, alianza kuwafundisha kuogelea bila maboya, kila mmoja akiwa na msaidizi wake majini. Somo la kwanza halikuwa kupiga mbizi. Lilikuwa kuyazoea maji, kupuliza pumzi uso ukiwa karibu nayo, mpaka hofu iishe. Baadaye mbinu zake zilichukuliwa na wanaotibu kiharusi na majeraha ya ubongo, na sababu yake inaeleweka. Mtu aliyezamishwa hadi kifuani hubeba theluthi moja tu ya uzito wake, au pungufu. Akiyumba, maji humchelewesha kuanguka, na ubongo unaofikiri polepole unapata muda wa kujirekebisha. Joto la nyuzi 33 hadi 36 hulegeza misuli iliyokaza. Tafiti juu ya wenye majeraha makali bado ni chache, na za wagonjwa wachache, kwa hiyo simwahidi mtu chochote. Lakini hata chache hizo ni nyingi kuliko tulichokuwa nacho sisi.

Wala si kwamba Afrika Mashariki hatukuyajua maji ya moto. Kitagata, magharibi mwa Uganda, kuna chemchemi mbili jirani: moja ilikuwa ya mfalme wa Ankole, nyingine watu wameibatiza Mulago, jina la hospitali kuu ya Kampala. Wagonjwa hukaa humo kwa saa nyingi. Jina hilo lina utani ndani yake, na pia kuna madai fulani ambayo wizara yoyote ya afya ingepaswa kuyasikia.

"Si mmpeleke tu ziwani?" jirani mmoja alituuliza. Swali ni la haki kwa watu wanaoishi kando ya ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Lakini maji yake huwa karibu nyuzi 25, na hiyo ni baridi kwa misuli iliyokakamaa. Kwenye kina kifupi, ambako ndiko mgonjwa angekalishwa, kuna konokono wa kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi nzima, havihitaji kidonda. Isitoshe, baada ya jeraha kama lile kifafa kinaweza kuja bila hodi, na kaka alikuwa ameshaanguka mara mbili. Mama hakuhitaji maelezo yote haya. Alisema, "Ziwani hapana," akaenda kuwasha jiko.

Akaleta beseni kubwa la kufulia. Mtaalamu alitufundisha kupima joto kwa kiwiko, kama maji ya mtoto mchanga, kwa sababu kaka hakuwa na hisia za kutosha mkono ule. Jioni mama aliuingiza taratibu, akimwambia, "Baba, uache wenyewe." Dakika za kwanza hakuna kitu. Kisha ngumi ikaanza kufunguka, kidole cha mwisho kikitangulia. Tukapata nafasi ya kumkata kucha, na kuosha kiganja kilichokuwa kimeanza kuoza kwa jasho.

Mwanza siku hizi watu wanachimba mabwawa ya kufugia sato. Kila ninapoliona moja humkumbuka Lowman, nami nahesabu: saruji, bomba, ngazi ya kushukia yenye kishikio, namna ya kupasha maji moto, watu wawili waliofundishwa. Mkaa peke yake, kwa beseni moja kila jioni, ulikula pesa ambayo zamani tuliitoa kwenye bodaboda yake.

Huu ni mwezi wa kumi na nne. Vidole vitatu anavifungua akiwa nje ya maji. Cha nne kinatetemeka, kidole gumba bado.