Seli Shina Ndani ya Jino la Mtoto: Tumaini na Mipaka Yake

Hapa Kindu, mtoto aking'oka jino mara nyingi hulitupa juu ya paa na kuomba jipya. Siku hizi wazazi katika makanisa yetu wanatuuliza: ni kweli kwamba jino lile lina dawa? Mwenye mtoto wa SS, yaani selimundu, huuliza kwa uchungu zaidi. Tujibu kwa upendo na kwa kweli.

Seli shina ni nini?

Seli nyingi za mwili zimekwisha kupewa kazi yake: damu, mfupa, ngozi. Seli shina bado haijafungwa na kazi moja. Hugawanyika na kuzaa seli za kazi mbalimbali. Katikati ya jino mna nyama laini yenye mishipa ya damu na neva. Mwaka 2000, Stan Gronthos, Songtao Shi na wenzao nchini Marekani walionyesha kwamba nyama hiyo ina seli shina. Mwaka 2003, kundi la Shi lilizipata pia katika meno ya utoto yaliyong'oka.

Zimefikia wapi?

Mwaka 2018, watafiti wa China walitangaza matokeo ya jaribio kwa watoto walioumia meno ya mbele. Seli za meno yao wenyewe ya utoto ziliwekwa ndani ya jino lililokufa. Baadaye nyama yenye mishipa ya damu iliota tena, na jino likarudi kuhisi. Matumizi kwa mifupa na neva bado yanachunguzwa.

Mipaka

Seli hizi si zile zinazotengeneza damu. Kwa hiyo haziponyi SS. Njia mojawapo inayoweza kuiponya ni kupandikizwa uboho wa mtu anayelingana na mgonjwa, nayo ni tiba nyingine kabisa. Tena, jino lililokauka kabatini halina seli hai. Ni lazima lifike maabara mapema, kisha seli zigandishwe katika nitrojeni ya maji, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri.

Sisi waamini tunasema nini?

Seli shina za kiinitete cha binadamu, zilizopatikana mara ya kwanza mwaka 1998, ziliwasumbua Wakristo wengi kwa sababu kiinitete huharibiwa. Jino lililong'oka lenyewe halina shida hiyo. Lakini amri ya kutosema uongo inabaki. Anayemuuzia mama tumaini ambalo bado halijathibitishwa anamwibia mara mbili: fedha na wakati.

Basi, mzazi, usiuze shamba kwa ajili ya ahadi ya namna hiyo. Mtoto wa SS anywe maji ya kutosha, alale ndani ya chandarua, apate chanjo na dawa alizoandikiwa. Akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Tuombe pamoja naye njiani.