Kompyuta za Kwantumu na za Kawaida: Mashindano Yenye Mizizi Minneapolis–Saint Paul

Ili ithibitike kwamba kompyuta ya kwantumu imeishinda ya kawaida, yatakiwa mambo matatu: kazi ambayo ya kwanza inaiweza, sababu ya kuamini kwamba ya pili haiiwezi, na njia ya kukagua majibu. Miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimboni Minnesota, imechangia pande zote mbili za mashindano hayo.

Mwaka 1946, wataalamu waliokuwa wakifumbua maandishi ya siri ya adui katika jeshi la wanamaji la Marekani walianzisha kampuni ya Engineering Research Associates huko Saint Paul, ndani ya kiwanda kilichokuwa kikiunda ndege zisizo na injini. Kutoka humo walitokea William Norris na Seymour Cray, waliohamia Control Data, iliyoundwa Minneapolis mwaka 1957. Kompyuta ya CDC 6600 iliyobuniwa na Cray, ya mwaka 1964, ilifanya hesabu zipatazo milioni 3 kwa sekunde, na hakuna iliyoipita wakati huo. Mwaka 1972 Cray alianzisha kampuni yenye jina lake.

Upande wa pili, wa kwantumu, ipo Honeywell, iliyokulia Minneapolis ikitengeneza vidhibiti vya joto la nyumba. Kitengo chake cha kwantumu kiliungana na kampuni ya Cambridge Quantum mwaka 2021, ikazaliwa Quantinuum, yenye maabara Colorado na viungani mwa Minneapolis. Katika mashine yake ya H2, ioni za iterbiamu, ambazo ndizo kyubiti (biti za kwantumu) zake, huelea juu ya chipu zikishikiliwa na nguvu za umeme, na leza huziendeshea hesabu.

Nadharia ilipata msukumo mwaka 1994, mwanahisabati Peter Shor alipoonyesha namna kompyuta ya kwantumu inavyoweza kugawanya haraka namba kubwa katika vigawo vyake tasa. Hata hivyo, haijathibitishwa kwamba kompyuta ya kawaida haiwezi kufanya hivyo. Mwaka 2011 wananadharia Scott Aaronson na Alex Arkhipov walipendekeza kazi nyingine: kutoa sampuli za matokeo ya nasibu. Kama kompyuta ya kawaida ingeiweza kazi hiyo kwa haraka na kwa usahihi kamili, ngazi za ugumu wa hesabu ambazo wataalamu huamini kuwa ni tofauti zingeporomoka.

Mwaka 2019 Google ilitangaza kwamba kyubiti zake 53 zilimaliza kwa sekunde 200 kazi ya sampuli ya aina hiyo ambayo kompyuta kuu ya kawaida ingeifanya kwa miaka 10,000. IBM ikajibu kwamba siku 2 na nusu zingetosha. Ushindi, basi, hupimwa kwa mbinu bora ya mpinzani, na mbinu hizo huboreshwa kila mara.

Ukaguzi nao ni mgumu, kwa kuwa kompyuta ya kawaida ndiyo inayosahihisha. Aaronson aliugeuza ugumu wa kuiga majibu kuwa faida: jibu likirudi upesi kuliko kompyuta yoyote ya kawaida inavyoweza kuliiga, kisha likafaulu ukaguzi, ni dalili kwamba lina unasibu halisi. Mwaka 2025 Quantinuum, benki ya JPMorganChase na washirika wao walitangaza kwamba kyubiti 56 za H2 zimetoa biti 71,313 za unasibu uliothibitishwa. Wakaguzi walikuwa kompyuta kuu, ikiwemo Frontier ya Tennessee, ambayo modeli yake hubeba jina la Cray. Uthibitisho huo unasimama maadamu dhana za ugumu hazijapinduliwa, na kyubiti zikizidi sana, hata wakaguzi hao hawataweza kusahihisha.