Kiendeshi cha Diski katika Kompyuta ya Kujiundia

Kompyuta inayoundwa nyumbani hukusanya viungo vya watengenezaji wengi, nayo husimama juu ya ahadi moja tu, kwamba kiungo cha huyu kitaafikiana na kiungo cha yule. Yamkini hapana kiungo kilichoivunja ahadi hiyo mara nyingi kama kiendeshi cha diski, yaani chombo kinachozungusha diski ya plastiki na kuisoma kwa mwali wa leza. Makampuni yalipogombana, aliyelipa gharama ya ugomvi ni mnunuzi aliyeketi kwake na bisibisi mkononi.

Diski yenyewe ilizaliwa kwa mapatano. Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani zilikubaliana juu ya diski moja ya muziki, yenye upana wa milimita 120, ikaanza kuuzwa Japani mwezi wa Oktoba 1982. Ilipofanywa ghala ya maandishi na programu ilibeba megabaiti 650 hivi, shehena ambayo ingalitaka flopi zaidi ya 400. Walakini mapatano hayo yalihusu diski, hayakuhusu waya. Viendeshi vya awali vya bei nafuu, kama vile vya Mitsumi, Sony na Panasonic, kila kimoja kilikuwa na namna yake ya kuunganishwa, na mara nyingi kiliunganishwa na kadi ya sauti. Aliyenunua kiendeshi pasipo kuitazama kwanza kadi yake alirudi nyumbani na chombo kizima kisicho na mahali pa kuchomekwa. Katikati ya miaka ya 1990 kanuni iitwayo ATAPI iliuondoa usumbufu huo, maana ilikiruhusu kiendeshi kutumia ukanda wa nyaya uleule uliotumiwa na diski ngumu.

Kazi ya kukifunga ilikuwa nyepesi kwa macho. Kiendeshi kilisukumwa ndani ya kasha kutoka mbele, katika nafasi ya inchi 5.25, kikakazwa kwa skrubu. Ukingo mwekundu wa ukanda ukaelekezwa kwenye pini ya kwanza. Ugumu ulikuwa nyuma yake, katika kipande kidogo cha plastiki kiitwacho jampa. Ukanda mmoja ulichukua vyombo viwili, na jampa ndiyo iliyoamua kipi kiitwe bwana na kipi kiitwe mtumwa. (Wahandisi waliyateua majina hayo bila haya, nayo yakadumu miaka mingi.) Vyombo vyote viwili vikifanywa mabwana, kompyuta iliweza kukosa kuviona vyote.

Viendeshi vya kuandikia vilileta hofu mpya. Leza ikianza kuandika haikuweza kungoja. Habari zikichelewa kufika, hata kwa kitambo kidogo, diski iliharibika isitengenezeke tena. Kwa hiyo mjenzi mwangalifu hakukiweka kiendeshi hicho kwenye ukanda mmoja na diski ngumu iliyokilisha habari, na wengine hawakuthubutu kugusa kipanya mpaka kazi iishe. Mwaka 2000 Sanyo ilileta ufundi wa kuisimamisha leza na kuiendeleza pale pale ilipoachia. Kwa mnunuzi jambo hili lilikuwa na faida kuliko mbio zote zilizotangazwa juu ya maboksi.

Ndipo ukaja ugomvi mkubwa zaidi. Pioneer ilikuwa imetoa DVD-R mwaka 1997. Kundi jingine likatoa DVD+R mwaka 2002. Diski zote mbili zilibeba gigabaiti 4.7, zikafanana hata kwa macho, lakini kiendeshi kilichoandika hii hakikuandika ile. Makundi hayo hayakupatana. Waliotulizwa ni wanunuzi, kwa kuwa mwaka huohuo wa 2002 Sony iliuza kiendeshi kilichoandika aina zote mbili, na baada ya miaka michache viendeshi vya namna hiyo vikawa vya kawaida. Ugomvi uliofuata, wa Blu-ray na HD DVD, ulikwisha kwa njia nyingine: tarehe 19 Februari 2008 Toshiba ilitangaza kuiacha HD DVD, na waliokwisha kuinunua wakabaki na hasara yao.

Wakati huo ukanda mpana ulikuwa ukitoweka. Kanuni ya SATA, iliyotolewa mwaka 2003, ilikipa kila chombo waya wake mwembamba, jampa ya bwana na mtumwa ikakosa kazi. Kufunga kiendeshi hakujapata kuwa rahisi hivyo. Nacho kilikuwa kimekaribia kukosa makao, kwa kuwa makasha mengi ya leo hayana nafasi ya inchi 5.25. Diski zilizoandikwa nyumbani zingali makabatini, zina picha, tasnifu na hesabu za watu, na rangi iliyobeba maandishi yake hufifia kwa joto na mwanga. Mwenye diski hizo, akitaka kujiundia kompyuta leo, hana budi kuchagua kasha kabla ya kiungo kingine chochote. Asipolipata hununua kiendeshi cha nje cha USB, ambacho hukaa mezani siku ya kazi, kisha hurudishwa kabatini kando ya diski zenyewe.