Nani Ampishe Nani? Kisa cha Reli za Tokyo

Kama umewahi kupanda basi la mkoani unaijua adha hii. Basi limetoka stendi na mwendo wa kwenda Dodoma, lakini mpaka liuache mji linajikokota nyuma ya daladala. Daladala linasimama, konda anapiga debe, wawili wanashuka, mmoja anapanda na tenga lake la nyanya. Dereva wa basi anapiga honi, wapi! Basi lake ni zima kabisa, injini inanguruma vizuri. Ubovu uko mbele yake.

Sasa barabara hiyo ifanye reli. Barabarani dereva mjeuri anaweza kuchomoka akapitia pembeni, ila juu ya reli hakuna pembeni. Treni ya kutoka mkoa wa jirani ikishaingia kwenye reli ya treni za mjini, zile za kusimama kila stesheni, mwendo wake ni wa ile iliyoitangulia. Hata uifunge injini ya ndege. Dawa zake zinahesabika: kuwe na njia za kupishana stesheni, au treni zote ziende mwendo mmoja, au kila aina ya treni ijengewe reli yake. Jiji lililosoma somo hili mpaka likahitimu, tena kwa ada ya kutisha, ni Tokyo.

Wajapani walianza mapema. Desemba 1914, stesheni kuu ya Tokyo ilipofunguliwa, treni za umeme za upande wa Yokohama zilipewa reli zao kando ya reli kuu ya Tokaido, ili zisizifungie njia treni za mbali. Wazo zuri, lakini mji nao ulikuwa unakua. Hata treni za mjini zenyewe zikaanza kubanana: ile inayozunguka jiji, Yamanote, na ile ya Keihin-Tohoku zilitumia reli moja kati ya Tamachi na Tabata mpaka mwaka 1956 zilipotenganishwa.

Baada ya vita mambo yakawa moto. Viwanda na ofisi zilikuwa Tokyo, viwanja vya bei nafuu vilikuwa nje, huko Saitama, Chiba na Kanagawa. Watu wakahamia nje, na kila alfajiri wakarudi mjini kwa treni. Behewa lilipakia zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Mwaka 1955 stesheni ya Shinjuku ilianza kuajiri wanafunzi kazi moja tu: kusukuma abiria ndani ili mlango ufungike. Siyo mchezo! Na nyuma ya treni hizo, juu ya reli zile zile, zilipita treni za mizigo na treni za usiku za kutoka mikoani. Kila mmoja alikuwa na haki ya kupita. Swali lilikuwa nani ampishe nani.

Jibu la kwanza lilitoka kwenye damu. Usiku wa tarehe 3 Mei 1962, kwenye reli ya Joban karibu na stesheni ya Mikawashima, treni ya mizigo ilipita taa nyekundu ikaacha njia. Treni ya abiria iliyokuwa inatoka mjini ikaigonga. Abiria, kwa hofu, wakafungua milango wakashuka relini. Dakika chache zikapita, hakuna aliyesimamisha reli ya pili. Treni ya tatu, inayoingia mjini, ikawakuta pale pale. Walikufa watu 160.

Mwaka uliofuata, tarehe 9 Novemba 1963, ikawa Tsurumi, karibu na Yokohama. Behewa la mizigo liliacha reli, treni ya abiria ya reli ya Yokosuka ikalivaa, kisha ikagongana na treni nyingine ya abiria. Wakafa watu 161. Baada ya Mikawashima shirika la reli la taifa lilikuwa limeanza kufunga nchi nzima mitambo ya kuzuia treni isipite taa nyekundu, na ilikuwa kazi njema. Lakini mtambo hauongezi reli. Wingi ulibaki pale pale.

Hapa kuna jambo tunalolisahau tukimsifu Mjapani. Mwezi Oktoba 1964, siku chache kabla ya Michezo ya Olimpiki, Tokyo ilizindua treni ya kasi ya kwenda Osaka, Shinkansen. Dunia nzima ikashangilia kasi yake. Wachache waliuliza kwa nini ilijengwa. Ilijengwa kwa sababu reli ya zamani ya Tokaido ilikuwa imejaa, haina pa kuongeza treni. Shinkansen ilipewa reli yake peke yake, haimsubiri mtu. Nusu ya siri ya kasi ile ni njia nyeupe mbele yake.

Yule abiria wa kila siku, je, wa Chiba au Takasaki, ambaye haendi Osaka ila kazini? Kwa ajili yake, kuanzia mwaka 1965, chini ya rais wa shirika Ishida Reisuke, ulianza mpango wa pande tano. Reli tano zinazoingia Tokyo, yaani Tokaido, Chuo, Tohoku, Joban na Sobu, zilipangiwa kuongezwa: palipokuwa na reli mbili, ya kwenda na ya kurudi, ziwe nne; mahali pengine sita. Kati ya Akabane na Omiya sita zilikamilika mwaka 1968. Chuo ikafika Mitaka na reli nne mwaka 1969. Sobu ikachimbiwa njia ya chini ya ardhi mpaka stesheni ya Tokyo mwaka 1972. Mizigo nayo ikajengewa njia ya kuzunguka jiji, Musashino, iliyofunguliwa mwaka 1973.

Ukisoma orodha hiyo utadhani wote walifurahi. La hasha. Mwaka 1971 reli ya Joban ilipata reli nne: mbili za haraka mpaka Ueno, mbili za polepole zinazoingia kwenye reli ya chini ya ardhi ya Chiyoda. Waliokaa mbali wakasherehekea. Lakini wakazi wa Kameari na Kanamachi, ambao zamani walipanda treni moja kwa moja mpaka Ueno, waliamka wakakuta treni zinawapita kama upepo. Stesheni zao hazikuwekewa jukwaa kwenye reli za haraka, na mpaka leo hazina. Ikabidi wabadili treni Kita-Senju au walipe nauli ya ziada ya chini ya ardhi. Dawa ya mmoja ilikuwa ugonjwa wa jirani yake.

Na huko mbele, nje ya reli sita za Omiya, msongamano ulikuwa umehamia tu. Reli ya Takasaki ilibaki na mbili, za treni za haraka, za mizigo na za wafanyakazi wote pamoja. Asubuhi ya tarehe 13 Machi 1973 wafanyakazi wa reli walikuwa katika mgomo baridi: walikatazwa kugoma, basi wakawa wanafuata kila kanuni neno kwa neno, treni zikajikokota. Stesheni ya Ageo ikafurika maelfu ya watu. Ikaja treni iliyoundwa kwa safari ndefu, behewa lina milango miwili tu, tena tayari imejaa. Abiria wakalipuka. Watu wa tai na mikoba, waungwana wa ofisini, walivunja vioo vya treni na kuivamia ofisi ya stesheni. Mwezi wa Aprili fujo zikazuka tena, safari hii ndani ya Tokyo kwenyewe. Mtu mpole ukimbana kila siku kwa miaka, usishangae siku akikugeuka.

Reli ya Yokosuka ilitenganishwa na Tokaido mwaka 1980, ikapewa njia iliyokuwa ya mizigo. Kabla ya hapo mizigo ilibidi itafutiwe reli mpya nyuma ya Yokohama, na wakazi wa huko waliipinga kwa miaka, maana kelele zingekuwa zao na faida ya wengine. Bili nayo ikawa inapanda. Kwa sababu nyingi, na ujenzi ukiwa mojawapo, shirika la reli la taifa lilizama kwenye madeni mpaka likavunjwa mwaka 1987, likiacha deni la yeni trilioni 37 hivi.

Lakini reli haiozi. Njia za mizigo zilizobaki wazi katikati ya jiji zikaanza kubeba watu. Treni za mikoani za kaskazini zilipita humo, na kuanzia mwaka 2001 zikaungana na za kusini kupitia Shinjuku. Mwaka 2015 zikapata njia nyingine ya juu kutoka Ueno mpaka Tokyo. Abiria wa Takasaki, mjukuu wa wale wa Ageo, sasa anaweza kuvuka jiji zima bila kushuka.

Nimeandika haya nikiwa na reli zetu moyoni. TAZARA ina upana wa milimita 1067, sawasawa na reli hizo za zamani za Japani. Oktoba 2012, Dar es Salaam ilipoanzisha treni za mjini, zilipita juu ya reli moja na treni za bara na mizigo. Mwaka 2024 SGR ilifika Dodoma ikiwa na njia yake yenyewe, na kila aliyeipanda alishangaa kasi. Mimi nawaza wa Pugu, mwenye kikapu, anayekwenda kazini. Mji unakua kumzunguka, na ukanda wa kuongezea reli ya pili bado ni rahisi kuulinda leo kuliko kesho utakapojaa nyumba. Tokyo walikumbuka baada ya kuzika watu 321. Sisi hatuna sababu ya kungoja kilio ndipo tupishane.